Namba ya Getini

Nianze na kosa langu, nisije nikajificha nyuma ya sifa zake. Mzee huyu alibebeshwa jina la mwizi, mimi nilijua si mwizi, na nikanyamaza. Haya. Sasa naweza kumweleza bila kujifanya mtu mzuri.

Kiwandani tulimwita Mhasibu. Hata Mkurugenzi, ambaye kiwanda kilikuwa mali yake, alimwita hivyo hivyo, utadhani hakupewa jina na mama yake. Alizaliwa wapi, ukoo gani, sijui, na hakuwa mtu wa kueleza. Tulitengeneza misumari, bawaba, sufuria na mabati, huko Eldoret upande wa reli, na mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu: mjane, watoto watatu, chumba kimoja Kimumu. Kati ya meza yangu na yake palikuwa na kabati la mafaili tu. Kwa miaka saba nilimsikia akikohoa, akijumlisha kwa mdomo, na akinigombeza kwa sababu ya karatasi.

"Mama Njeri, hiyo karatasi unayotupa ina upande wa pili."

"Mzee, imechafuka."

"Imechafuka upande mmoja."

Basi unaichukua tena. Penseli yake aliichonga mpaka ikabaki kidogo kama ncha ya kidole, halafu akaichomeka kwenye kifuniko cha biro ili apate pa kushika. Kamba za vifurushi alizifungua fundo kwa fundo, hakukata hata moja. Ofisini alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari, akisema sukari ya kampuni ni ya wageni. Tulimcheka sana. Msichana wa mapokezi aliwahi kumwuliza kama anavuta pumzi mara moja moja ili asimalize hewa ya Mkurugenzi, na yeye akajibu bila kuinua kichwa kwamba hewa haimo kwenye bajeti.

Lakini sasa sikiliza. Mtu huyu huyu, mshahara wake mwenyewe ulikuwa haufiki tarehe kumi. Kule Yamumbi alikokaa, mtoto wa jirani akikosa karo, Mhasibu analipa. Mtu akifiwa, Mhasibu yuko mbele kwa mchango. Kanisani walimfanya mweka hazina, na sadaka ikipungukiwa aliongeza yake. Siku moja alikuja kwangu kuazima nauli ya kupeleka baiskeli yake kwa fundi, mwezi ukiwa na siku kumi na mbili tu. Nikamkaba hapo hapo.

"Wewe unatuhubiria kutwa nzima habari ya kubakiza, na mwenyewe hubakizi hata senti!"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Njeri, mimi si kiwanda. Sina mashine ya kubadilisha."

Hiyo habari ya kubakiza ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Kila kampuni ya chuma nchini iliyochapisha hesabu zake gazetini, alikata kile kipande na kukibandika kwenye daftari kubwa. Za Nairobi, za Mombasa, zote. Hakusoma mauzo. Faida yenyewe aliitazama kwa jicho moja tu. Alishuka na kidole mpaka kwenye mstari mmoja: faida iliyobakizwa. Yaani ile sehemu ambayo wenye kampuni hawakugawana, wakaiacha ndani ya biashara.

"Mauzo yatakudanganya," aliniambia. "Faida nayo inategemea nani ameihesabu na alikuwa na haraka gani. Lakini niambie wamebakiza ngapi, nitakuambia wanaionaje kesho. Chuma si biashara ya nyanya. Mashine ya kuvuta waya inakula meno yake kila siku. Chuma chenyewe tunaagiza ng'ambo, kwa leseni, kwa bei ambayo hatuijui mpaka kifike. Mwenye kiwanda cha chuma akigawa yote, ujue ameshaacha kuamini mwaka ujao."

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya mzee tu. Halafu mwaka mmoja akanionyesha lile daftari: kampuni nne, mstari ule ule, zote zimeshuka. Akasema subiri kidogo, utaona mijengo imesimama. Na kweli, haukupita mwaka mwingine, ukitembea mjini unaona maghorofa yameishia kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zinapata kutu, na mabati yetu yamerundikana stoo. Nikamwambia, "Aki wewe ni mganga." Hakupenda. Alisema waganga huficha wanachokijua, na yeye huandika.

Mzee Adan, aliyekuwa na duka la vyuma karibu na stendi na ambaye alinunua misumari kwetu kwa magunia, ndiye peke yake aliyemweza kwa utani. Alikuwa akiingia ofisini na kanzu yake nyeupe, anaketi kwenye kiti cha wageni, anaagiza chai yenye sukari mara mbili kwa makusudi, kisha anauliza, "Mhasibu, mstari unasemaje? Niagize misumari au nirudi kufuga ngamia?" Mhasibu naye anajibu kwa uso mkavu kabisa, "Agiza. Lakini ngamia usiuze." Wote wawili wanacheka, na Mzee Adan anaondoka ameagiza alichoambiwa. Alimwamini kuliko benki.

Mbele ya wafanyakazi Mhasibu alikuwa na desturi moja, na ndiyo iliyomponza. Kila mwaka wakaguzi wakishamaliza vitabu, alichukua chaki akaenda getini, kwenye ule ubao ulio kando ya saa ya kupigia kadi, akaandika kwa herufi kubwa TULICHOBAKIZA, na chini yake namba. Namba nzima, mpaka shilingi ya mwisho. Mkurugenzi wa kwanza, baba wa huyu wa baadaye, ndiye aliyemruhusu, na baada ya yeye kufa hakuna aliyekumbuka kumkataza. Mhasibu alitaka hata mtu wa kufagia ajue kwamba jasho lake halikuliwa lote. Kila asubuhi watu mia na zaidi walipita pale wakapiga kadi, wakaitazama ile namba. Kila mwaka ilikua. Waliipenda. Nimewahi kumsikia fundi wa mashine ya misumari akimwambia mgeni, kifua mbele, "Sisi hapa tuna pesa, bwana. Angalia."

Hapo ndipo Mhasibu alipokosea, mtu aliyeijua hesabu kuliko sisi sote. Aliandika namba, hakuandika namba hiyo iko wapi. Kwake ilikuwa jambo la wazi kabisa: ile faida ilishageuka mashine, ikageuka chuma kilichoko stoo, ikageuka madeni ya wenye maduka ambao hawajalipa. Hakuna mahali ilipokaa kama noti. Lakini mtu anayepiga kadi saa moja asubuhi anasoma namba, na namba kwake ni pesa, na pesa iko kwenye sanduku. Miaka yote ile hakuna aliyemwuliza, na yeye hakufikiria kueleza. Hata mimi niliyekaa naye nilidhani kuna benki mahali fulani imetuwekea.

Kilichotokea ni hiki. Mkurugenzi kijana alitaka kuonekana. Mnakumbuka nyakati zile, au mmesimuliwa: picha ya mkubwa ukutani katika kila ofisi, kadi ya chama mkobani, na harambee kila Jumamosi ambapo bahasha inasomwa mbele ya watu. Mtu hakuuliza maswali. Mkurugenzi akaanza kuchota pesa za kampuni. Nyingine akapeleka kwenye harambee za mzee mmoja mkubwa ambaye sitamtaja hata leo. Nyingine akanunulia shamba la ngano, ekari usiulize. Vitabuni akaamuru iandikwe kwamba ni mkopo: kampuni imemkopesha mkurugenzi wake. Na kwa kuwa ni mkopo, vitabu vilisema pesa itarudi, kwa hiyo ile namba ya kilichobakizwa haikupungua hata shilingi. Benki ilikuwa tupu na namba ilikuwa ile ile.

Mhasibu aliugua kwa jambo hilo. Sisemi kwa mfano. Alilala kitandani siku tatu. Alipopona alinipa barua niipige taipu, barua ya kwenda kwa Mkurugenzi na nakala kwa wakaguzi. Ilisema kiasi gani kimechukuliwa, tarehe gani, kimekwenda wapi, na kwamba mkopo huu haulipiki, kwa hiyo namba lazima ishushwe. Nikaipiga. Na chini, pembeni kushoto, kama tulivyofundishwa chuoni, nikaweka herufi za kwanza za majina ya mwenye barua, alama ya mkwaju, halafu za aliyepiga taipu. Zangu. Mkono uliziandika kwa mazoea tu.

Mkurugenzi aliisoma, akaichana. Ile ya wakaguzi haikutoka ofisini kwake. Mwaka ule Mhasibu alikataa kwenda getini na chaki, na namba ya mwaka uliotangulia ikabaki ubaoni. Miezi mitano baadaye mashine ya kuvuta waya ilivunjika, na hakukuwa na pesa ya kuitengeneza wala ya kununua nyingine. Misumari ikakoma, kisha mabati. Watu wakaambiwa waende nyumbani, na hawana malipo ya kuachishwa kazi, kwa sababu kampuni haina kitu.

Haina kitu? Na ile namba?

Mkurugenzi alikuwa na jibu jepesi. Alisimama ngazini akasema, "Mimi sishiki vitabu. Anayeandika pale ubaoni mnamjua. Mwulizeni yeye." Mkutano ukaitishwa kiwanjani kesho yake, na afisa wa wilaya akaja, pamoja na vijana wa chama waliovaa mashati mekundu.

Asubuhi ile, kabla ya mkutano, Mhasibu alizunguka kabati la mafaili akaja kusimama mbele ya meza yangu. Alikuwa amenyoa vizuri. Alitoa mfukoni nakala ya ile barua, ile ya karatasi ya kaboni, aliyokuwa amejiwekea.

"Mama Njeri, nikiisoma hii, wataelewa. Bila karatasi nitakuwa namchafulia mtu mkubwa jina, na wale mashati mekundu hawatanipa dakika mbili. Lakini nikiitoa wataichukua, na hapa chini upo." Akaweka kidole kwenye herufi zangu. "Watasema tulikuwa wawili. Sijui watakufanyia nini. Nimekuja kukuuliza."

Hakuniomba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angeomba, labda ningejibu vingine. Aliniuliza tu, kama anavyouliza kama kuna karatasi zaidi kabatini.

Nikasema, "Mzee, nina watoto."

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Hilo nimelisikia." Akaikunja ile barua mara nne, akaiingiza kwenye jiko la makaa tulilochemshia chai, akangoja mpaka ikaisha.

Alikwenda kiwanjani mikono mitupu. Alijaribu, maskini wa Mungu. Kwa sauti yake ndogo aliwaambia habari ya mkulima: akivuna mahindi anauza mengine, anakula mengine, na mengine anayaweka mbegu. "Mbegu ikishapandwa," akasema, "ukienda ghalani huikuti. Haikuibwa. Imo shambani."

Yule fundi wa misumari, ambaye Mhasibu alimlipia mwanawe karo miaka miwili, ndiye aliyepaza sauti. "Basi tuonyeshe shamba!"

Watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa stoo, na nilimwona Mhasibu akimgeukia Mkurugenzi, mwenye shamba la ngano. Mkurugenzi alikuwa akitazama viatu vyake. Mhasibu akafungua mdomo. Kisha macho yake yakapita juu ya watu mpaka yakanifikia mimi, akafunga mdomo, akashuka jukwaani.

Mwizi! Mwizi! Wakamfuata mpaka getini. Mmoja akamtemea mate. Baiskeli yake waliitupa mtaroni. Jumapili iliyofuata kanisani wakamwomba, kwa upole sana, arudishe kitabu cha hazina. Matanga ya Yamumbi yakawa hayamhitaji tena. Akitoa mchango wake wanauacha juu ya meza, hakuna anayegusa. Polisi hawakumshtaki, maana kesi ingefungua vitabu na vitabu vingemsema mwingine. Kwa hiyo hakushtakiwa, na hakusafishwa. Alibaki hivyo.

Na mimi? Mimi nilipata kazi nyingine ya taipu katika shule moja. Watoto wangu walisoma. Siku moja nilimwona mjini akija upande wangu wa barabara, amevaa koti lake la kahawia, na nikavuka. Nilivuka, nikaingia duka la vitambaa, nikajifanya naangalia vitenge mpaka alipopita. Mungu anisamehe, nilinunua hata kimoja.

Mzee Adan peke yake hakumwacha. Alimpa kazi ya kumwandikia vitabu vya duka, na mtu akimwambia unaweka mwizi kwenye pesa zako, alijibu, "Mwizi gani huyu anayeniomba nauli kila mwezi?" Walikaa hivyo miaka kadhaa, mpaka Mhasibu akaanza kujumlisha hesabu ileile mara kumi, halafu akasahau njia ya kurudi nyumbani, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Cheptiret. Ni Mzee Adan aliyeniambia. Nilikuwa nimekwenda kununua bawaba ya mlango. Alinifungia kwenye gazeti, akanitazama, akasema, "Mama Njeri, kama una neno na yule mzee, usilicheleweshe."

Sijui alijua nini. Lakini Njeri wangu alikuwa ameshaolewa, wadogo zake wawili wanajitegemea, na hata mjini watu walikuwa wameanza kunong'ona mambo ambayo zamani yangekupeleka ndani. Nilikuwa nimekosa kisingizio. Jumamosi nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda Cheptiret. Njia nzima nilijipangia maneno: nitamwambia niko tayari, nitakwenda kanisani Yamumbi nisimame mbele ya watu, nitamtafuta yule fundi wa misumari mpaka nimpate, nitasema kila kitu, na herufi zangu nitazitaja.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, ya mkwewe, juani, blanketi magotini. Alikuwa amekonda. Nilipiga goti mbele yake nikamshika mikono.

"Mzee, ni mimi. Mama Njeri, wa taipu."

Aliniangalia. Kisha uso wake ukajaa aibu, aibu ya mtu aliyefumaniwa, akaanza kupapasa mifuko yake.

"Mumeo alikuwa upande gani?" akauliza. "Misumari au mabati?"

"Mzee, sina mume. Nilikuwa ofisini na wewe."

"Nisamehe, mama. Sikuwa na nia mbaya. Niliandika namba, nikaila pesa yenyewe. Sikumbuki niliila vipi, lakini watu wote wanasema." Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akaanza kukifungua kwa kucha, polepole, bila kukikata. "Nawalipa kidogo kidogo."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. "Analipa kila anayekuja," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni pesa tunayompa ya dawa. Wengine wameshajua, wanakuja makusudi. Kuna mmoja hajawahi hata kufanya kazi pale."

Nikapiga kelele. Sikujali mkwe wala majirani. "Mzee, hukuiba! Ni Mkurugenzi! Alichukua akanunua shamba, wewe ulimwandikia barua, mimi niliipiga kwa mikono hii, ukaichoma kwa ajili yangu! Hukuiba hata senti!"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri siku zote. Nilipomaliza, nikihema, machozi yananitoka, alinipapasa bega kama anayembembeleza mtoto.

"Una moyo mzuri, mama," akasema. "Lakini kama ingekuwa hivyo, si kungekuwa na mtu wa kusema?"

Akaniwekea shilingi ishirini kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Nikataka kumrudishia. Binti yake akatikisa kichwa. "Pokea tu, mama. Ukikataa hatakula leo."

Mzee alikuwa akinitazama, anangoja.

Nikapokea. Nikamwambia asante, tumemalizana. Akauliza kama nina hakika, nikasema nina hakika, na akachukua penseli yake akaandika.